UZI: Mita 30 zilitoka wapi, na alama ya maji iliandikwa na nani?

Kila masika mjadala ni uleule. Mvua inanyesha siku tatu mfululizo, mitaa inajaa maji, na kufikia jioni huku mtandaoni tumeshagawanyika. Kundi la kwanza: "Walijenga mtoni, wahame." La pili: "Na nani aliwapa hati?" La tatu: "Hiyo ni kazi ya kaunti." La nne: "Wacheni uongo, ni serikali kuu." Nimefuatilia mabishano haya kwa miaka kadhaa na kuna swali moja ambalo halifiki mezani. Huo mto unaishia wapi? Kisheria, kwa karatasi. Nani alipima, lini, na alama yake iko kwenye daftari gani?

Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Naongea historia ya kumbukumbu za serikali tu. Vuteni kiti, uzi ni mrefu kidogo.

Tuanzie kwa sheria, kwa sababu wengi wananukuu kitu ambacho hawajasoma. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kulima au kujenga kando ya mto kwa umbali ulio sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Halafu kuna maneno ya mwisho ambayo watu huyaruka: kwa kuzingatia kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichorekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilishika mita hizohizo 6 hadi 30, na kwa upande wa maziwa zikarudia lugha ileile ya kiwango cha juu kilichorekodiwa.

Kwa hivyo mita 30 ni dari. Kijito cha upana wa mita 8, kwa hesabu hiyo, ukingo wake ni mita 8. Mto wa mita 40, ukingo ni 30. Mtu akikwambia "sheria inasema mita 30" bila kuuliza mto una upana gani, anakupa nusu ya sentensi.

Na lile neno "kilichorekodiwa" ndilo zito kabisa. Sheria haizungumzii mafuriko makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea. Inazungumzia makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa. Pale ambapo hakuna aliyeandika, mstari unachorwa na nini? Na kalamu ya nani?

Kwa wasiojua, maji ya mto yanarekodiwa hivi. Unasimamisha ubao wenye alama za sentimita kando ya mto, mara nyingi karibu na daraja. Unamlipa mkazi wa karibu pesa kidogo, anakwenda kuusoma kila siku, asubuhi na jioni, anaandika nambari kwenye kadi. Kadi zinatumwa ofisini. Mhandisi naye anakuja mara chache kwa mwaka kupima kasi ya maji, ili ile nambari ya kina igeuzwe kuwa kiasi cha maji kwa sekunde. Ni kazi ya kawaida sana. Hakuna anayekatiwa utepe kwa ajili ya ubao.

Mnaona tatizo liko wapi? Siku ya mafuriko makubwa ndiyo siku ambayo ubao unabebwa na maji, na msomaji amepanda mlimani na watoto wake. Kadi ya siku hiyo inabaki tupu. Ndiyo maana kwenye mito mingi rekodi ya juu zaidi ni ya mafuriko ya wastani, yale ambayo ubao uliyavumilia. Wataalamu wanalijua hili na wana njia za kukadiria, mathalani kwa alama za matope ukutani na kwa kuuliza wazee. Lakini hiyo ni kazi ya ziada, na lazima mtu atumwe.

Sasa turudi nyuma. Sheria ya kwanza kubwa ya maji ya koloni ilikuwa ya 1929, ikafuatwa na ya 1951, ile iliyokuja kujulikana kama Sura ya 372 na kutawala hadi 2002. Ukisoma muundo wake unaona kilichowasumbua walioitunga: nani achote, achote kiasi gani, na jirani wa chini abakiwe na nini. Kulikuwa na bodi ya kugawa maji. Kulikuwa na vibali, na kibali kilifungamana na shamba. Walowezi walikuwa wakigombania mito ya nyanda za juu kwa ajili ya umwagiliaji na mashine, na serikali ilihitaji daftari la kuamua kesi zao. Basi kumbukumbu zikatunzwa hasa pale palipokuwa na mwenye shamba anayeweza kwenda mahakamani. Mtu wa Bunyala ambaye kila mwaka Nzoia inamfuata hadi jikoni hakuwa na kibali cha kugombania. Alikuwa na maji tu.

Mfano mzuri kuliko yote ni Naivasha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nyote mmeona picha za Kihoto.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Maji yanaingia, hasa kupitia Malewa, yanapotea kwa jua na chini ya ardhi. Ndiyo sababu ziwa hili hupanda na kushuka kwa mita kadhaa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Vipimo vya kina chake vipo tangu 1908. Rafiki zangu, tangu 1908! Kuna familia Kenya hazina tarehe ya kuzaliwa ya babu, lakini tunajua Naivasha ilikuwa na kina gani babu huyo akinyonya.

Mwanzoni mwa karne ile ziwa lilikuwa juu. Mashamba yakapimwa na mipaka ikafika ufukweni. Kisha maji yakashuka, na mbele ya mashamba ikatokea ardhi mpya, nyeusi, yenye rutuba. Ya nani? Walowezi wa kando ya ziwa wakajiunga kwenye chama chao, wakabishana na serikali, na 1933 wakapata makubaliano. Mstari ukawekwa kwenye mwinuko wa futi 6,210 kutoka usawa wa bahari, karibu mita 1,893, ukitokana na mahali maji yalipokuwa 1906. Chini ya mstari huo chama kingesimamia ardhi, mwenye shamba angeweza kulima na kulisha mifugo, lakini hakuna kujenga nyumba ya kudumu. Kwa sababu maji yanaweza kurudi.

Someni tena hiyo ya mwisho. 1933, watu waliokuwa na mali, mawakili na ramani walikubali kwa maandishi kwamba ardhi kavu waliyokuwa wakiiona kwa macho yao ni ya ziwa. Hawakuwa watakatifu. Walikuwa na daftari la miaka 25 lililoonyesha maji yakipanda na kushuka, na kila mmoja alitaka kumzuia jirani asijenge.

Ziwa likashuka sana miaka ya 1940. Likapanda kwa kishindo baada ya mvua za 1961. Likashuka tena, hadi kufikia 2009 lilikuwa chini kiasi kwamba mjadala wa kitaifa ulikuwa kwamba mashamba ya maua yanalikausha. Na katika miaka hiyo mikavu mji ulikuwa unakua, wafanyakazi wanahitaji pa kulala, ploti zinakatwa na kuuzwa. 2020 maji yakaingia mitaani. 2025 yakarudi Kihoto, maelfu wakahama, kiboko na boti zikapita palipokuwa barabara, na tukaanza kuulizana kama hayo ni mabadiliko ya tabianchi au ni kingo za ziwa.

Yanaweza kuwa yote mawili. Lakini mstari wa kumbukumbu ulikuwepo. Wenye mashamba makubwa waliujua, maana chama chao kiliuishi. Mnunuzi wa ploti ya futi 50 kwa 100, aliyekuja Naivasha kukata maua, nani alimwonyesha? Wakala? Saveya? Ofisi iliyopokea ada ya kuhamisha umiliki? Sisemi kila mnunuzi alidanganywa. Wapo waliojua na wakabahatisha kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Ila haiwezekani daftari la serikali liwe na alama tangu 1908 na hati itoke bila neno moja kuhusu alama hiyo.

Upande wa Ziwa Victoria ni vivyo hivyo. Kiwango cha ziwa lile kimepimwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1890. Mvua za 1961, zile wazee huziita mafuriko ya uhuru, zililipandisha kwa takriban mita mbili na nusu hadi 1964. Kipimo cha Jinja mwezi Mei 1964 kilisoma mita 13.41. Kikaja kusoma 13.42 mwezi Mei 2020. Sentimita moja! Yaani yale maji yaliyoitwa "hayajawahi kuonekana" yalikuwa yameonekana, yakaandikwa, na karatasi ikakaa miaka 56. Katikati ya miaka hiyo tukajenga mikahawa, gati, shule na zahanati kwenye ardhi ambayo ziwa liliwahi kulala. Mzee wa ufukweni aliyesema "maji yalifika kwa ule mti" alionekana anapiga hadithi. Mzee alikuwa sahihi kuliko ofisi ya mipango.

Tana nitapita haraka. Pale Garissa maji yanapimwa tangu miaka ya 1930, na vipimo hivyo vilikuwa mali wakati wa kupanga mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga inajaa ikifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na ikikaribia hapo mnaona matangazo: wakazi wa chini wahamie juu. Huo ni mfano wa rekodi inayofanya kazi. Inafanya kazi kwa sababu umeme una mita na bili.

Sasa Nairobi.

Mji huu ulianza 1899 kama kambi ya reli kwenye uwanda wa majimaji. Jina lenyewe la Kimaasai linataja maji baridi. Tauni ilipoingia mapema miaka ya 1900, sehemu za soko zikachomwa moto, na wataalamu wa afya wakaandika kwamba mahali penyewe hapafai, maji hayatoki. Jibu la wakati huo halikuwa kuhamisha mji. Lilikuwa kugawanya watu. Ripoti ya usafi ya 1913 ilipendekeza utengano wa rangi, na ramani ikafuata: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu unaonyonya maji, Waafrika mashariki, chini, kwenye udongo mweusi unaovimba na kushika maji. Ukitaka kujua kwa nini mvua ileile inaleta usumbufu wa magari upande mmoja na majeneza upande mwingine, anzia kwa udongo.

Maji ya kunywa yalipata historia nzuri zaidi: chemchemi za Kikuyu, Bwawa la Ruiru, Sasumua, kisha Ndakaini miaka ya 1990 na mita zake za ujazo milioni 70. Kila hatua ina faili, ina mkopo, ina michoro. Maji ya kuleta mjini yaliandikwa vizuri. Maji ya kutoa mjini yalibaki kazi ya fundi wa mtaro.

Halafu likaja lile pigo ambalo halina picha. Baada ya miaka ya 1970, ile miaka ya mpango wa "maji kwa wote ifikapo 2000", pesa zikaanza kupungua. Miaka ya 1980 na 1990 vituo vingi vya kupima mito viliachwa. Ubao ukianguka hausimamishwi tena. Msomaji halipwi, anaacha. Utakuta mto una vipimo vizuri vya miaka ya 1960, kisha mapengo, kisha kimya. Mageuzi ya Sheria ya Maji ya 2002 yalitenganisha mamlaka ya rasilimali za maji na mdhibiti wa huduma za maji, na vituo vingine vikafufuliwa, vingine sasa vinatuma data vyenyewe. Lakini mwaka ambao haukupimwa haurudi. Na miaka hiyo ya kimya ndiyo ilele miji yetu ilipojazana mtoni.

2010 tukapata Katiba. Ibara ya 43 inatupa haki ya maji safi na ya kutosha. Ibara ya 62 inasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Jedwali la Nne likagawa kazi, na hapa ndipo mechi ya kurushiana mpira inapochezwa kila msimu. Kaunti: huduma za maji, maji taka, na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Serikali kuu: ulinzi wa maji, uhandisi wa maji, usalama wa mabwawa. Majanga: wote wawili. Kwa hivyo mtaro ukiziba mtaani kwako, uliza kaunti. Mto ukihitaji tuta, au bwawa likiwa na ufa, uliza serikali kuu. Watu wakishakufa, wote watakuja na blanketi.

Na jambo ambalo linachanganya wengi: mto ni wa umma, ila ukingo wa mto si lazima uwe wa umma. Mara nyingi unaweza kuwa na hati ya ardhi ya ukingo, na sheria ikakuzuia kuitumia utakavyo. Ndiyo maana "nina hati" na "ni marufuku kujenga" zinaweza kuwa kweli kwa siku moja, kwa ploti moja. Kesi haiishi kwa kupunga hati, wala haiishi kwa kupaka X nyekundu ukutani.

Usalama wa mabwawa nao ni habari ya karatasi. Mei 2018 bwawa la shamba moja kule Solai lilipasuka usiku, watu 48 wakafa, wakiwemo watoto. Maafisa wa maji wakasema halikuwa na kibali. Sawa, lakini bwawa si sindano. Lilionekana kwa macho kila siku. Aprili 2024 kule Mai Mahiu maji yalishuka usiku yakaua zaidi ya watu 45. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ikaeleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka na miti, maji yakajikusanya nyuma yake hadi yakavunja. Yaani tulikuwa na kitu kinachofanya kazi kama bwawa, bila kuwa kwenye orodha yoyote ya mabwawa. Siku chache baadaye tukatangaziwa mabwawa na hifadhi za maji 178 ambazo wakazi wake walipewa saa 24 wahame. Swali langu halikuwa kwa nini wahame. Lilikuwa: orodha hiyo ilikuwa wapi mwezi wa pili?

Kisha tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Mita 30, nchi nzima ikaimba mita 30. Kila kaya ikaahidiwa shilingi 10,000 za kuhama. Sitetei kujenga mtoni. Mafuriko yale yalifika mahali pengine mbali kuliko mita 30, na aliyelala pale alikuwa hatarini, kwa sheria au bila sheria. Ninachobisha ni hiki: kama lengo ni usalama, mstari ungefuata maji yalipofika. Kama lengo ni sheria, mstari ungefuata upana wa mto na rekodi. Utepe wa mita 30 uliovutwa moja kwa moja haufuati lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo maana kulikuwa na nyumba ya mabati iliyobomolewa huku ukuta wa mawe wa jirani, ulioingia karibu na maji kuliko ile nyumba, ukiachwa kwa sababu mwenyewe ana amri ya mahakama.

Najua kuna mtu atajibu, "Wewe unataka tukae tukisubiri karatasi huku watu wanazama?" Hapana. Hatari ya usiku wa leo inaondolewa leo, kwa gari na kwa hema. Lakini kubomoa kwa kudumu, na kuamua nani alipwe na nani asilipwe, ni kazi ya mchana, na mchana karatasi zinasomeka.

Mwingine atasema serikali haiwezi kukupa rekodi. Ibara ya 35 inasema unaweza kuziomba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Pale ambapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Barua haihitaji wakili. Kama mtaa wako umepakwa X, andikeni kwa jina la kamati ya mtaa, mpeleke nakala kwa kaunti na kwa mamlaka ya rasilimali za maji, na muulize haya tu: upana wa mto huu hapa ni mita ngapi, kiwango cha juu zaidi kilichorekodiwa ni kipi, kilirekodiwa tarehe gani, na kituo cha kipimo kiko wapi. Mkijibiwa, wekeni majibu hapa chini. Mkikosa kujibiwa, wekeni nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa, tarehe ionekane.